Pingu ya Tatu: Vifaa vya Kuvaliwa na Afya ya Akili Kinango

Neno "pingu" lina maana mbili ambazo, zikitazamwa kwa haraka, hazipatani. Ya kwanza inafahamika na kila mtu: vyuma anavyotiwa mshukiwa mikononi asije akatoroka. Ya pili inafahamika zaidi kwa watu wa pwani, hususan Wamijikenda: dawa iliyofungwa ndani ya kitambaa au ngozi, ikavaliwa shingoni, mkononi au kiunoni ili imkinge aliyeivaa. Katika vijiji vya Kinango, upande wa bara wa Kaunti ya Kwale, si ajabu mtu anayesumbuliwa na kile ambacho hospitali hukiita ugonjwa wa akili kuvishwa pingu hiyo ya pili kabla hajamwona daktari. Wapo pia, nchini Kenya na kwingineko, wanaotiwa ile ya kwanza, yaani kamba au mnyororo, ndani ya nyumba za jamaa zao wenyewe. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha ripoti yake mnamo Oktoba 2020 kuhusu watu wanaofungwa kwa sababu ya hali zao za akili, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi takriban 60 zilizotajwa.

Sasa inabisha hodi pingu ya tatu, nayo ni saa. Si saa ya kuonyesha wakati pekee, bali kile kifaa chenye vitambuzi ambacho humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi ya mkono, kikahesabu mapigo ya moyo, kikakadiria muda wa usingizi, kikahesabu hatua, kisha kikayatuma yote hayo kwenye simu na kutoka kwenye simu hadi kwenye tarakilishi zilizo mbali. Vifaa vya jinsi hii vilienea kwanza miongoni mwa wapenda mazoezi. Baadaye watafiti wa magonjwa ya akili wakaona vinawafaa, kwa hoja kwamba mtu anayezama katika sonona hubadilika mwenendo kabla hajasema lolote: halali ipasavyo, hatoki nje, hatembei kama alivyozoea. Nchini Kenya jambo hili si ndoto. Mnamo 2021 Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani vilianzisha mradi uitwao UZIMA-DS, na sehemu yake moja ilihusu kuwavisha wahudumu wa afya jijini Nairobi saa za aina hiyo ili kufuatilia afya yao ya akili. Chuo hicho cha Aga Khan kina pia eneo la utafiti wa kaya huko Kaloleni na Rabai, ng'ambo tu ya mpaka wa Kinango. Anayesimama Kasemeni haoni Rabai kuwa ni ughaibuni.

Jina la mradi huo ni la Kiswahili, tena ni jina zuri. Lakini jina ni mlango tu. Makala haya yanashikilia kwamba saa hiyo ikifika Kinango itakuwa ama hirizi ama pingu ya chuma kutegemea jambo moja ambalo wahandisi hawalishughulikii, na ambalo ni shughuli ya watu wa lugha: maneno yatakayoandamana nayo.

Kwanza itazamwe hali yenyewe. Kinango ni nchi kame ya Waduruma, kuanzia Ndavaya na Puma hadi Samburu na Mackinnon Road, ambako mali ya mtu ni ng'ombe na mbuzi, na mvua ndiyo benki. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosekana msimu baada ya msimu katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na Kinango haikusazwa. Mtu aliyetazama ng'ombe wake wakianguka mmoja baada ya mwingine hahitaji kuelezwa uhusiano uliopo baina ya mali na akili. Huduma nazo ziko mbali. Hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, Mathari, iliyoanza mwaka 1910, iko Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kinango; iliyo karibu zaidi ni wodi ya Port Reitz mjini Mombasa. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa, na sheria ya marekebisho ya 2022 ikazipa kaunti wajibu mahususi wa kutoa huduma hizo. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii waliopewa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na sukari, pamoja na simu. Mpango huo ndio unaoifanya saa iwe karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mhudumu ambaye tayari anabeba simu ya kutuma takwimu kutoka kijijini hadi makao makuu anaweza, kwa uamuzi mmoja wa ofisini, kuongezewa saa kumi za kugawa.

Sasa lije suala la maneno, na lianze mbali kidogo. Mnamo 1907, katika hospitali ya Burghölzli mjini Zürich, daktari kijana aitwaye Carl Jung pamoja na mwenzake kutoka Marekani, Frederick Peterson, walichapisha matokeo ya majaribio ambayo yafaa kusimuliwa katika kila idara ya Kiswahili. Walikuwa na chombo kiitwacho galvanomita, ambacho hupima mkondo mdogo wa umeme unaopita kwenye ngozi ya mkono. Jasho likiongezeka hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, chombo hujongea. Lakini Jung hakumweka mgonjwa kitini akasubiri chombo kinene. Alimsomea maneno, neno baada ya neno, na mgonjwa akatakiwa kujibu kwa neno la kwanza linalomjia. Maneno mengine yalipita bure. Mengine, ambayo kwa mtu baki hayana uzito wowote, yalikitikisa chombo. Hapo ndipo daktari alipojua pa kuuliza.

Vitambuzi vya ngozi vilivyomo katika baadhi ya bangili za leo vinapima kitu kilekile alichokipima Jung. Tofauti ni kwamba neno limeondolewa. Chombo kimebaki, kimekuwa kidogo, kimekuwa cha bei nafuu, kinavaliwa mchana na usiku, lakini hakuna anayesoma orodha ya maneno. Kinasema kuwa kuna kitu kimejongea saa nane usiku. Ni kitu gani, hakisemi. Mwanamke wa Kinango ambaye moyo wake umekwenda mbio saa nane usiku huenda ameota ndoto, huenda amesikia fisi zizini, huenda amempigia simu binti yake aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na simu haikushikwa. Takwimu ya mambo hayo matatu ni moja. Maneno yake ni matatu tofauti, na dawa zake pia ni tatu tofauti; moja kati yake wala si ya hospitali, ni ya kuimarisha boma la mbuzi.

Zaidi ya hayo, saa inadai kupima "moyo", na hapo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutega sikio. Moyo wa Kiswahili si pampu ya damu peke yake. Ndio makazi ya ujasiri, ya nia, ya mapenzi, ya kinyongo na ya huzuni. Mtu huvunjika moyo, hujipa moyo, hupiga moyo konde, hufanya jambo kwa moyo mmoja, huwa na moyo mzito. Lugha za Kimijikenda nazo, zilizo dada wa Kiswahili, zinauweka moyo mahali hapohapo. Mzee wa Kiduruma anayemwambia muuguzi kwamba moyo unamuuma anaweza kuandikiwa kipimo cha kifua, ilhali alikuwa akieleza msiba. Na mzee huyohuyo akiambiwa kwamba saa hii "inapima moyo", anayo haki ya kuelewa kwamba inasoma yaliyomo ndani yake, siri zake na nia zake. Ni kifaa gani cha uganga kilichowahi kutoa ahadi kubwa kiasi hicho? Mganga mwenyewe hathubutu; huuliza kwanza.

Tatizo halimaliziki kwenye moyo. Kipimo kinachotumika zaidi ulimwenguni kupima sonona ni hojaji ya maswali tisa iitwayo PHQ-9, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 2001. Saa za utafiti hazisimami peke yake; takwimu zake hulinganishwa na majibu ya hojaji kama hii, na kwa hivyo hojaji ikikosea saa nayo itafundishwa kukosea. Tafsiri ya Kiswahili ilifanyiwa majaribio nchini Kenya miongoni mwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Baadaye ikatumika pia magharibi mwa nchi na huko Kilifi. Hayo ni maendeleo na yapongezwe. Hata hivyo, istilahi bado hazijatulia. Tanzania imeelekea kukubali "sonona", neno lenye nasaba nzuri kwa kuwa linatokana na kitenzi cha kuumia ndani kwa huzuni. Katika vyombo vya habari vya Kenya husikika "unyogovu", "msongo wa mawazo", "mfadhaiko" na hata "huzuni" tupu, kana kwamba yote ni kitu kimoja. Mwanaisimu atasema hiyo ni hali ya kawaida ya istilahi changa. Ni kweli, lakini istilahi changa katika somo la fizikia humchanganya mwanafunzi. Katika zahanati humpa mtu dawa isiyo yake.

Mtu wa kawaida Kinango hatumii hata neno moja kati ya hayo. Atasema "nafikiri sana", au "mawazo yamenizidi", au kwamba usingizi umemhama. Usemi huu wa kufikiri kupita kiasi umeenea katika jamii nyingi za dunia, na mwaka 2015 mwanaanthropolojia Bonnie Kaiser na wenzake walichapisha uchambuzi mpana kuuhusu. Lakini mfano unaowafaa zaidi wasomaji wa jarida hili uko Zimbabwe. Huko, katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake hawakuanza kwa kutafsiri hojaji ya Waingereza. Walianza kwa kuwasikiliza wagonjwa na waganga wa Kishona, wakakusanya misemo yao, na kutokana na misemo hiyo wakaunda hojaji ya maswali 14. Neno la Kishona la kufikiri mno, kufungisisa, likapewa hadhi ya istilahi ya tiba. Hojaji hiyo ndiyo iliyotumiwa na Dixon Chibanda alipoanzisha mwaka 2006 mpango wake wa mabenchi nje ya zahanati za Harare, ambapo nyanya waliofunzwa huketi na mgonjwa na kumsikiliza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha wagonjwa 573, lilionyesha kwamba waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi sita kuliko wenzao. Benchi halina betri. Mpango huo baadaye ulivuka hadi Zanzibar, na kwa hiyo hoja kwamba ni mambo ya kigeni haina mashiko.

Pana kiini kingine kinachohitaji kukaziwa macho, nacho ni usingizi. Katika vipimo vyote vya saa, usingizi ndio unaopewa uzito mkubwa na watafiti wa akili. Asiyelala anashukiwa kuugua. Sasa na aulizwe mtu yeyote aliyekulia Kinango: ni lini watu hawalali? Hawalali hangani, pale msiba unapokesha na jamaa wakawa nje kwa siku kadhaa pamoja na wafiwa. Waislamu, ambao ni wengi zaidi upande wa Wadigo lakini wapo pia Kinango, hulala vipande vipande mwezi mzima wa Ramadhani, baina ya tarawehe na daku. Na mwele (neno hili la kale bado liko hai katika lugha za pwani) hukesha katika ngoma ya kayamba, ambapo pepo wanaodhaniwa kumsumbua huitwa kwa mlio wa mbegu ndani ya matete, mara nyingi hadi alfajiri. Saa iliyofunzwa tabia za usingizi kule Michigan itaziona nyakati hizo zote tatu kuwa dalili za hatari. Ila kwa mfiwa, hanga ndilo linalomzuia asizame. Nyota nyekundu itakayowaka kwenye simu ya mhudumu itakuwa imewaka kwa sababu ya tiba yenyewe.

Si kwamba uganga usifiwe bila kipimo. Wapo waganga wanaomaliza mbuzi wa familia huku kijana akizidi kuharibikiwa, na wapo wanaochelewesha dawa ambayo ingemrudisha mtu shambani baada ya wiki chache. Hoja ya hapa ni finyu zaidi. Katika upungaji wa pepo, kama ulivyoelezwa na watafiti wa pwani tangu makala za Linda Giles za miaka ya 1980, tiba haikamiliki mpaka pepo aseme: aulizwe jina, aulizwe ametoka wapi, aulizwe anataka nini, naye ajibu kwa lugha yake, iwe ya Kiarabu, ya Kisomali au ya Kimasai. Ni tiba iliyojengwa juu ya mazungumzo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi angeitambua mara moja kuwa ni utendaji wenye majibizano. Pingu inayovaliwa baada ya hapo ni kumbukumbu ya mazungumzo hayo. Hirizi nayo ina maandishi ndani yake, na mvaaji anamjua aliyeyaandika, anajua nyumba yake, na ikishindwa kumsaidia atairudisha na kulalamika. Saa ina maandishi pia, kurasa na kurasa za masharti, lakini mwandishi wake hana nyumba Kinango.

Tena kuna tofauti moja kubwa: hirizi haimchongei mvaaji, wala haipeleki habari zake kwa mtu wa tatu. Kifaa cha kisasa kimetengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Novemba 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kidonge cha maradhi ya skizofrenia kiitwacho Abilify MyCite, chenye kitambuzi kidogo ndani yake. Mgonjwa akikimeza, kitambuzi hutuma ishara kwa kiraka kilichobandikwa mbavuni, na kiraka huarifu simu kwamba dawa imemezwa. Kwa ridhaa ya mgonjwa, daktari na jamaa waliochaguliwa wanaweza kuona. Dawa hii imekusudiwa watu ambao moja ya dalili za ugonjwa wao huwa ni kuamini kwamba wanachunguzwa. Mtu anaweza kucheka, kisha akasita. Kampuni iliyotengeneza kitambuzi hicho iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2020, jambo ambalo halikuzima wazo lenyewe.

Ridhaa, basi, ndiyo inayobeba mzigo wote. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye ufahamu, na inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Ni sheria nzuri. Lakini ufahamu hupatikana kwa lugha gani? Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni jijini Nairobi wapigwe picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisitisha shughuli hiyo Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Ikiwa hayo yaliwezekana katikati ya jiji, miongoni mwa vijana wenye shahada, ni ridhaa ya aina gani itakayopatikana kutoka kwa mama wa Mwavumbo ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili, na aliyeletewa karatasi ya Kiingereza na mtu aliyevaa kitambulisho shingoni? Atatia kidole gumba. Si kwa sababu ameelewa, bali kwa sababu mgeni hafukuzwi.

Na habari zikishatumwa, zitamfikia nani? Hadi majuzi swali hili lilikuwa na ncha kali. Chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua lilikuwa kosa lenye kifungo. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025 tu. Kifaa chenye kugundua kwamba mtu yu karibu kujidhuru, katika nchi iliyomshtaki mtu huyo, kilikuwa shahidi wa mashtaka kabla hakijawa mlinzi. Hatari ya nyumbani ingalipo. Aghalabu simu ya familia ni moja na mwenyewe ni mume au kaka mkubwa. Taarifa kwamba mke "hayuko sawa" ikitua kwenye simu hiyo kwa maneno yasiyopimwa, inaweza kuwa ndiyo itakayoleta ule mnyororo wa kwanza. Huko Kilifi, kampeni ya uhamasishaji wa afya ya akili iliyoendeshwa na watafiti mwishoni mwa miaka ya 2010 ilipewa jina la Kimijikenda, Difu Simo, lenye maana ya kujifungua kutoka kifungoni. Waliochagua jina hilo walijua wanazungumza na nani. Waandishi wa programu za saa wangefaidika kwa kukaa nao alasiri moja.

Pasizuke dhana kwamba saa inapingwa kwa sababu ni ngeni. Kuna mahali inapoweza kufaa bila ubishi mwingi. Kifafa, ambacho vijijini hutibiwa pamoja na magonjwa ya akili na hubeba aibu ileile, kina dalili za mwili ambazo kifaa kinaweza kuzinasa. Marekani iliidhinisha bangili ya kugundua vifafa mwaka 2018. Mtoto anayeanguka motoni usiku angeokolewa na mlio wa bangili. Hata hapo, utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata tiba inayostahili, ilhali dawa ya fenobabitoni ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa. Anayepanga bajeti ya kaunti anajua cha kununua kwanza. Vilevile, wahudumu wa afya wenyewe, wanaotembea kutoka boma hadi boma wakibeba maradhi ya watu, wangeweza kunufaika na kifaa cha kuwaonya kwamba wamechoka. Hao wanasoma, wanajua wanachokubali, na wanaweza kuivua saa bila kumwogopa mtu.

Kazi ya vyama na idara za Kiswahili ni ipi katika haya yote? Ni nyingi, na inasikitisha kwamba kwa sasa inafanywa na watu wengine kwa haraka, au haifanywi kabisa. Tasnifu za uhakiki wa riwaya zilezile zinaendelea kurundikana rafuni, ilhali mazungumzo ya muuguzi na mgonjwa katika zahanati ya Ndavaya hayajapata mchambuzi wake. Mwanafunzi mmoja mwenye kinasa-sauti, idhini ya kamati ya maadili na Kiduruma cha nyumbani kwao angeweza kukusanya kwa likizo moja misemo ya dhiki inayotumiwa na watu wa Kinango: wanavyosema wanapokosa usingizi, wanapoogopa bila sababu, wanapochoka kuishi. Kutokana na mkusanyo huo ingewezekana kuunda hojaji, kama ilivyofanyika kwa Kishona. Isimu-jamii ina la kusema kuhusu nani anayeweza kumuuliza nani maswali hayo, kwani mkaza-mwana hamwelezi baba-mkwe habari za kitanda chake, na mhudumu wa afya katika kijiji kidogo huenda ndiye huyo baba-mkwe. Somo la tafsiri lina kazi ya fomu za ridhaa, ambazo zingefaa zisomwe kwa sauti na kurekodiwa badala ya kuchapishwa tu. Wanafasihi nao, wanaojua kwamba neno moja hubeba mizigo mitatu, ndio wanaoweza kumwambia mhandisi kwa nini hawezi kuandika "Moyo wako hauko sawa" kwenye kioo cha saa ya mjane.

Sentensi hiyo fupi, maneno manne tu, inastahili semina nzima. Ibadilishwe iwe "Mapigo ya moyo yamepanda"? Ni sahihi zaidi, lakini haimwambii mjane afanye nini. Iwe "Pumzika kidogo"? Atapumzikaje, na maji yako mwendo wa saa mbili? Iwe "Mpigie simu mhudumu wako"? Hiyo inahitaji mhudumu mwenye salio, mwenye muda, na mwenye maneno ya kumpokea nayo. Pengine kwa Kiduruma ingekuwa swali badala ya tamko, kama vile watu wa huko wanavyojuliana hali asubuhi kabla ya kugusia jambo jingine lolote. Kabla saa ya kwanza haijavishwa mkono wa kwanza Kinango, sentensi hiyo ingefaa iwe imeandikwa, ikasomewa wajane ishirini, ikasahihishwa nao, na majina ya waliosahihisha yakatajwa kwenye mkataba wa mradi pamoja na ya wahandisi.